Swala, Laibon na Nyati: Shule za Nairobi na Fahari Zake

Siku ya mechi ya raga kati ya Nairobi School na Lenana, mashabiki hawatumii majina yaliyoandikwa langoni. Wanachotaka kujua ni kama leo Patch watawaweza Changez. Patch ni Nairobi School, ukipita Westlands kwa Waiyaki Way kabla hujafika Kangemi. Changez ni Lenana, kwenye Barabara ya Ngong unapokaribia Karen. Katikati, Kileleshwa, iko Boma, ambayo wazazi wanaijua kama Kenya High. Ukisonga magharibi hadi Kikuyu utawakuta Bush, wavulana wa Alliance, na jirani zao wa Across, wasichana wa Alliance. Wizara ya Elimu haikutoa hata jina moja kati ya haya. Yamepokezanwa bwenini, kidato kwa kidato, na yameshinda nguvu majina ya wana wa wafalme yaliyopachikwa baadhi ya shule hizo na watu wenye mamlaka yote ya nchi.

Historia ya majina hayo ni historia ya jiji lenyewe, na vijana wanaoyaimba kwa sauti za kukauka wanastahili kuijua.

Tuanze Kabete, iliko Nairobi School. Shule ya watoto wa Kizungu ilifunguliwa Nairobi mwaka 1902, katika majengo ya reli, mji wenyewe ukiwa na umri wa miaka mitatu tu. Kufikia miaka ya 1920 walowezi walikuwa wanadai shule ya wavulana inayofanana na zile walizosomea wao Uingereza. Gavana Edward Grigg akamtaka Herbert Baker aichore, msanifu yule yule aliyechora Union Buildings za Pretoria na jengo ambalo leo ni Ikulu ya Nairobi. Mwaka 1928 Edward, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, alikuja Kenya kuwinda. Jiwe la msingi likawekwa 1929, na mwaka 1931 wavulana wakaingia katika majengo yenye nguzo na baraza ndefu ambayo yangali yamesimama. Shule ikaitwa Prince of Wales School. Mwana mfalme mwenyewe alirithi kiti Januari 1936 na kukiacha Desemba ya mwaka huo huo, lakini shule ikabaki na cheo chake kwa miongo mitatu zaidi.

Mwalimu mkuu, Kapteni Bertram Nicholson, alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji. Labda ndiyo sababu shule iliyo karibu kilomita 500 kutoka ufukwe wa Mombasa ilikuwa na bweni lenye jina la amirali: Hawke, aliyewapiga Wafaransa baharini mwaka 1759. Mabweni mengine yaliitwa Clive, Rhodes, Grigg, Scott. Mvulana wa miaka 13 aliyelala Clive na kucheza kriketi dhidi ya Rhodes alikuwa anafundishwa kila siku, bila somo lolote ubaoni, kwamba dunia ni ya wale walioiteka. Hiyo ndiyo kazi ya alama za shule. Zinaingia kwa mtoto kupitia jezi, wimbo na ushindani wa Jumamosi, na zinakaa humo muda mrefu kuliko jedwali la kuzidisha.

Na bado, katikati ya vyeo hivyo vyote vya ng'ambo, wavulana wale walikuwa na mnyama mmoja wa hapa hapa: swalapala. Jarida la shule likaitwa The Impala. Wakati ule wanyama walionekana kwa wingi katika nyanda za kusini mwa mji, na swala arukaye alimfaa mchezaji wa raga kuliko manyoya matatu ya nembo ya kifalme. Naona swala ndiye mwenyeji pekee aliyekubaliwa katika shule ile kwa miaka thelathini. Watoto wa Kikuyu waliokaa mwendo mfupi kutoka uzio wake hawakukubaliwa.

Ubaguzi ule ulikuwa na ramani kamili. Mwaka 1949 ilifunguliwa Duke of York School, upande wa Ngong, ili kupokea wana wa walowezi waliozidi kuongezeka baada ya vita. Jina lake lilitokana na cheo alichokuwa nacho Mfalme George VI kabla ya kutawazwa. Wahindi walikuwa na shule yao Ngara, ikaitwa Duke of Gloucester. Wasichana wa Kizungu walikuwa Kileleshwa kuanzia 1950. Mwafrika aliyetaka elimu ya sekondari alitazama magharibi, juu ya mteremko wa Kikuyu, ambako makanisa ya Kiprotestanti yaliungana kuanzisha Alliance High School Machi 1926.

Alliance haikuwa na mwana mfalme wa kuipa jina. Ilikuwa na kaulimbiu ya kutumikia kwa nguvu, na kuanzia 1940 ilikuwa na Edward Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyewahi kufundisha Maseno, mkali, mpenda kandanda, aliyeiongoza hadi 1962 kisha akaenda kufundisha Pumwani mpaka alipofariki 1966. Humo walipita Oginga Odinga, Paul Ngei, na Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia 1955, katikati ya Hali ya Hatari. Alipomaliza muhula wa kwanza na kurudi nyumbani Limuru, alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishiwa kijiji kipya chini ya ulinzi. Kwa mvulana kama huyo, uzio wa shule ulikuwa na maana ambayo mwenzake wa Kabete hakuweza kuijua. Shule ilikuwa mahali ambapo askari hakuingia usiku kuuliza pasi. Kuipenda shule kwa namna hiyo si sawa na kuipenda kwa sababu ya kikombe cha raga, na nadhani ari ya Alliance, ile inayowafanya wazee wa miaka themanini wasimame wima wakiimba wimbo wa shule kwenye mazishi ya mwenzao, ina mizizi katika miaka ile.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, jiji lilianza kuvua majina ya zamani. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, na sanamu ya bwana Delamere ikaondolewa na kupelekwa kwenye shamba la familia yake Soysambu. Shule zikafuata katika miaka ya 1960. Duke of Gloucester ikawa Jamhuri. Delamere ya wavulana ikawa Upper Hill. Prince of Wales ikawa Nairobi School, na mabweni yake yakapewa majina ya mito, maziwa na milima: Athi, Tana, Baringo, Elgon, Marsabit. Clive na Rhodes wakaondoka kimya kimya. Lakini kaulimbiu ya kujitahidi hadi mwisho wa uwezo ilibaki vile vile, kama ilivyobaki ile ya Kilatini ya Duke of York, Nihil Praeter Optimum, isiyokubali lolote ila lililo bora. Warithi wa shule walipima vitu kimoja kimoja: hiki tunakitaka, hiki hapana.

Jina la kusisimua kuliko yote lilikwenda Duke of York. Ikaitwa Lenana.

Olonana, ambaye Waingereza walimwandika Lenana, alikuwa mwana wa Mbatian, laibon mkuu, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wamaasai, aliyefariki mwaka 1890. Wanawe, Lenana na Sendeyo, waligombania urithi wake. Lenana alichagua kupatana na Waingereza, na mwaka 1904 yeye na wazee wenzake waliweka alama zao kwenye mkataba uliowaondoa Wamaasai katika malisho ya Bonde la Ufa karibu na reli, ili walowezi wapate nafasi, na kuwagawa kati ya Laikipia na hifadhi ya kusini. Mkataba ule uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wangalipo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911, mwaka huo huo Lenana alipofariki, mkataba wa pili uliwanyang'anya Laikipia pia. Wamaasai walikwenda mahakamani mwaka 1913, na kesi yao ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya mataifa mawili, hivyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuisikiliza.

Nusu karne baadaye jina la mtu huyo likawekwa kwenye lango la shule iliyojengwa kwa ajili ya wana wa walowezi. Wapo Wamaasai wanaomlaumu Lenana mpaka leo, na wapo wanaosema alifanya alichoweza mbele ya bunduki, ukame na magonjwa yaliyokuwa yamemaliza ng'ombe. Mimi naamini ulikuwa uamuzi mzito kuliko watu wanavyoufikiria. Wavulana wa shule ile wanajiita Malaibon. Mhitimu wa 1985 na mhitimu wa 2015 wakikutana kwenye foleni ya benki mjini, neno hilo linatosha: Laibon! Mara wameshikana mikono kama ndugu. Lakini ni wangapi kati yao waliofundishwa darasani, wakiwa humo humo, habari ya mikataba ya 1904 na 1911? Vilima vya Ngong vinaonekana kutoka huko. Somo hili lingefundishwa nje, kwenye nyasi, bila ramani.

Habari ya Boma inaniuma zaidi. Inasimuliwa kwamba wavulana wa Prince of Wales ndio walioanza kuiita shule ya wasichana zizi la mitamba, kwa mzaha wa wavulana wanaojiona mafahali. Mzaha ule ulikuwa wa dharau. Wasichana wa Kiafrika walioingia Kenya High baada ya ubaguzi kuondolewa hawakujibizana na mtu. Walilichukua neno Boma, wakalitupa lile la mitamba, na wakalifanya lao. Leo mwanamke akikwambia yeye ni wa Boma, anakwambia alipitia shule iliyowatoa majaji, madaktari na mawaziri, na hakuna anayesikia zizi. Sijui mfano mwingine Nairobi wa tusi lililogeuzwa taji kwa ukamilifu namna hiyo.

Si kila shule ilihitaji kugeuza kitu. Starehe ilianza 1959, upande wa mashariki wa katikati ya jiji, kwa vibanda viwili vya mabati, wakati Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walipoamua kuwapa makao wavulana walioachwa mitaani na Hali ya Hatari. Hawakutafuta Kilatini. Kaulimbiu yao ni Natulenge Juu, na kila mpita njia anaielewa. Bendi yao ya matarumbeta imecheza mbele ya marais siku za kitaifa, na Wakenya wengi ambao hawajawahi kukanyaga shule ile wanaitambua kwa sare na kwa mwendo wa gwaride lake.

Katika miaka ya 1970 fahari ya shule ilitoka nje ya uzio na kuingia mjini. Waafrika waliojifunza raga Kabete, Lenana, St. Mary's na Upper Hill hawakuwa tayari kuwa wageni katika vilabu vya wazee wa kikoloni. Mwaka 1977 wakaanzisha Mwamba, klabu yao wenyewe, na wapenzi wake wakaipa jina Kulabu. Chuo Kikuu cha Nairobi, pale katikati ya jiji, kikawa na kikosi kilichojiita Mean Machine. Mtindo wa kushangilia wa viwanja vya Barabara ya Ngong, ule wa kuimba dakika themanini bila kupumua, wa nyimbo za dini zilizobadilishwa maneno na vigoma vya ndoo, ulitoka mabwenini. Ukizisikiliza nyimbo zile kwa makini utamkuta ndani yake mwimbishaji wa kijijini, kiitikio cha kanisani, na mdundo wa isukuti. Kocha wa Kiingereza wa mwaka 1950 asingetambua hata moja.

Katika shule zetu nyingi za umma hutamwona mtu aliyevaa ngozi bandia ya mnyama akirukaruka kando ya uwanja. Desturi hiyo ni ya Marekani, na Nairobi utaikuta katika shule zinazofuata mtaala wa huko. International School of Kenya, iliyoanza 1976 kule Kitisuru, ina simba. Rosslyn ina tai. Mbali zaidi, ukishuka ukingo wa Bonde la Ufa, Rift Valley Academy ya Kijabe, iliyoanzishwa na wamishonari 1906, ina nyati. Nyati yule hakuokotwa ovyo: Theodore Roosevelt alipopita 1909 aliweka jiwe la msingi la jengo liitwalo Kiambogo, mahali pa nyati. Wachezaji wa Kijabe wamekuwa wakija Nairobi kupambana raga na shule zetu kwa miaka mingi, na nyati wao anaheshimika.

Huko Marekani kwenyewe mmoja wa vipenzi vya shule na vyuo ni haramia. East Carolina walimchukua mwaka 1934. Seton Hall ya New Jersey wanaye pia. Timu ya besiboli ya Pittsburgh ilipata jina lake baada ya kushutumiwa, kuelekea msimu wa 1891, kwamba imemnyakua mchezaji wa wenzake kiharamia, nayo ikaivaa shutuma hiyo kama jezi. Hata Afrika yuko: Orlando Pirates ya Soweto, iliyozaliwa 1937, inabeba fuvu na mifupa kifuani na maelfu wanaishangilia. Kwa watu hao haramia ni wa vitabuni na sinema, mwenye kasuku begani.

Kwa watu wa pwani yetu haramia ana sura nyingine, na ana tarehe. Mnamo 1585 Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, aliingia katika bandari za Waswahili na kuzigeuza dhidi ya Wareno. Wareno walimwita haramia, Mombasa ikampokea kama rafiki. Alirudi, akanaswa Mombasa mwaka 1589 kati ya meli za Wareno upande wa bahari na jeshi la Wazimba upande wa bara, na miaka minne baadaye Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus ili jambo lile lisitokee tena. Mwaka 1697 William Kidd, nahodha aliyekuja kuitwa haramia, alilaza meli yake kisiwani Mwali, Ngazija ikiwa jirani, ili isafishwe, na maradhi yakamfyekea mabaharia kwa makumi.

Na si zamani tu. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka MV Faina ikiwa njiani kuja Mombasa na vifaru 33. Mabaharia walishikiliwa miezi mingi, bei ya bima ikapanda, na bei ya bidhaa ikaufuata mkondo huo huo hadi madukani. Kenya ikakubali kuwashtaki watuhumiwa waliokamatwa na manowari za kigeni, na mwaka 2010 ukumbi maalumu wa mahakama ukafunguliwa Shimo la Tewa, kaskazini ya Mombasa, karibu na gereza walimofungwa. Hapo hapo ipo shule ya sekondari ya wavulana yenye jina hilo hilo, Shimo la Tewa, moja ya shule zenye sifa pwani. Wanafunzi wake walisomea mitihani huku maharamia wa kweli wakipelekwa kizimbani jirani yao. Shule ya namna hiyo haina haja ya haramia wa kuchora kwenye fulana. Nasema hivi kwa sababu mitindo husafiri haraka siku hizi, na naona shule changa za Nairobi zikinunua nembo zilizochorwa tayari kutoka mitandaoni, chui wa kampuni hii, mbwa mwitu wa kampuni ile. Swala wa Kabete na nyati wa Kijabe walitoka kwenye udongo uliokuwa mbele ya macho ya waliowachagua.

Fahari hii imewahi kuumiza watu, na sitaificha. Kidato cha kwanza, mono, alifanywa mtumwa wa bweni kwa jina la mila za shule: kufua, kupigwa, kunyang'anywa chakula, kulazimishwa kukariri lakabu na nyimbo usiku wa manane. Sehemu ya mila hizo ilitoka kwa shule za bweni za Kiingereza pamoja na kengele na viranja. Wapo watoto waliohama, na wapo walioumizwa vibaya. Mila inayomhitaji mtoto alie haikuwa ya kurithiwa. Ile nayo ilifaa kuondoka na Clive.

Mambo mengine yamechukuliwa na serikali bila kelele. Zamani ungejua shule inapita kwa rangi ya basi lake. Sheria ikaamuru mabasi yote yawe ya manjano, kwa usalama wa watoto, na sababu ni njema. Shule za kitaifa zilikuwa 18 kwa miaka mingi, kisha kuanzia 2011 zikaongezwa hadi kupita mia, na upekee wa wale wakongwe ukapungua. Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza iliingia katika shule hizi, baada ya mwaka mzima bila wageni wapya, kwa kuwa mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umetoa kidato chake cha kwanza cha mwisho 2024. Mlolongo wa kupokezana nyimbo ulikatika kwa mwaka mmoja, na walioingia ni wakubwa kuliko mono wa zamani, watakaa miaka mitatu badala ya minne.

Kwa hiyo kuna kazi ya kufanywa sasa hivi. Vyama vya wanafunzi wa zamani vina pesa za kujenga mabwawa ya kuogelea na kununua mabasi. Vitenge kiasi cha kukusanya majarida ya shule, picha za vikosi, na sauti za wazee wakiimba, na nakala ziwekwe katika jumba la Kumbukumbu za Kitaifa pale Moi Avenue ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuingia kusoma. Waafrika wa kwanza kulala katika mabweni ya Kabete mapema miaka ya 1960 sasa wamevuka sabini. Wao ndio wanaojua ilikuwaje kuvaa nembo ya mwana mfalme asubuhi na kusikia redio ikitangaza Uhuru jioni, nani alianzisha wimbo upi, na walisema nini walipoambiwa kwamba kuanzia muhula ujao shule ina jina jipya.